Chaki Chini ya Meza

"Una watoto?"

Ndilo swali la kwanza. Kabla ya jina, kabla ya kazi, kabla hata ya kuambiwa nivue viatu nisichafue sakafu. Nilipokuwa natafuta chumba nililisikia kwenye milango mingi mpaka nikawa nalijua likiwa bado halijatamkwa: mwenye nyumba anakutazama usoni, halafu macho yanateremka taratibu, yanamtafuta aliyejificha nyuma ya gauni lako. Na binti yangu hakujua kujificha siku hizo. Alikuwa anachungulia, anacheka, anasema, "Mimi hapa!"

Basi. Chumba kilichokuwa wazi dakika ile ile kinakuwa kimeshachukuliwa.

"Kuna mtu alikuja jana, mama." Mmoja aliniambia hivyo huku tangazo la chumba likiwa limebandikwa kwenye mlango alioushika. Mwingine hakujisumbua kutafuta sababu ya uongo. "Watoto wanachora kuta," alisema. Alikuwa na mbwa wake kibarazani, amelala kama bwana harusi. Nikamwuliza, na mbwa je? Akanijibu, "Mbwa hana kalamu."

Dalali aliyekuwa ananizungusha alikata tamaa kabla yangu. "Dada, sikiliza. Ukiulizwa, huna. Kwani mtoto ni kikohozi? Anafichika."

Nilicheka. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kuhusu mtoto sikukumbuka kama walisema lolote. Nikajipa moyo kwamba labda hawakufika huko.

Hivyo, nilipokwenda kuona chumba cha Sista, nilimwacha binti yangu kwa dada. Sista ni muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya watoto, na kila mtu pale mtaani humwita kwa jina la kazi yake. Nyumba yake ina vyumba vitatu na ua mmoja: mbele analala mwenyewe, katikati kuna mpangaji anayeuza viatu vya mitumba, na cha nyuma ndicho kilikuwa kitupu. Kilikuwa na dirisha kubwa. Mshonaji akiona dirisha kubwa moyo wake unalainika.

"Nyumba yangu haina mtoto, haina paka, haina kuku, haina ngoma," Sista aliniambia, amesimama katikati ya mwanga ule. "Mimi nalala mchana kama popo. Usiku kucha nasikiliza watoto wa watu wakilia. Nikirudi hapa, sitaki kumsikia hata mmoja. Cherehani haina neno, itanibembeleza. Una watoto?"

"Sina," nikasema.

Neno jepesi hivyo. Lilitoka hata halikunikwaruza koo.

*

Binti yangu tunamwita Kifungo, kwa sababu alizaliwa mdogo, wa mviringo, na ukimkosa ndani ya nyumba mambo yote yanafunguka. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi, nadhani kazi ndiyo iliyompata, maana hajarudi kutuambia. Tumebaki wawili. Nilimwingiza kwenye chumba cha Sista jioni, mgongoni, nimemfunika kitenge gubigubi, huku mkononi nimeshika mkoba wa vitambaa ili nionekane mtu mwenye mizigo.

Meza yangu ya kukatia ni pana. Nikaitandika shuka zito lililofika hadi sakafuni, na chini yake nikamtengenezea Kifungo nyumba yake: mto, kikombe, mwanasesere wa vipande vya kitambaa. Nikamfundisha mchezo. Tuliuita mchezo wa panya. Mtu akigonga mlango, panya anaingia shimoni, anaweka kidole mdomoni, hatoki mpaka mama agonge meza mara mbili. Mwanzoni alikuwa anacheka humo humo shimoni, na mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu kuzima kicheko. Nilishona hata pale ambapo sindano haikuwa na uzi. Akikohoa, nakanyaga. Akiimba, nakanyaga.

Kisha akaacha kuimba.

Alipata kazi, hiyo ndiyo iliyomtuliza. Mshonaji anaangusha vitu siku nzima: pini, mkasi mdogo, chaki ya kuchorea nguo. Nilimpa Kifungo sumaku ya kukusanyia pini, na chaki ikiviringika chini ya meza, alikuwa anaiwahi kabla haijasimama. Mimi nanyoosha kiganja nyuma, bila kugeuka, macho yangu yako kwenye kitambaa, na chaki inatua kiganjani. Hatukuwa na haja ya maneno. Mchana, Sista akiwa amelala ng'ambo ya ua, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mimi na mwanangu: kiganja na chaki. Kuna siku nilikuwa naiangusha makusudi, ili tu nimguse vidole.

Nguo zake nilizianika katikati ya za wateja. Hiyo ni faida ya ufundi. Nani atauliza gauni dogo linatafuta nini kwa mshonaji?

Aliyenitia wasiwasi ni muuza viatu. Tulimwita Mwanasheria, kwa kuwa alizijua sheria za nyumba ile kuliko mwenye nyumba. Ili apate chumba alilazimika kumpeleka paka wake kwa shangazi yake, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kama mwiba wa samaki.

"Fundi," aliniambia siku moja uani, anapiga kiatu brashi, "cherehani yako ina kikohozi."

"Inahitaji mafuta."

"Aa. Mafuta." Akapuliza kiatu. "Na lile furushi unalobeba kila jioni?"

"Vitambaa."

"Vitambaa vyako vinakula vizuri. Kila nikiliona, limenenepa." Alicheka, akaingia kwake. Mimi nilibaki nimeshika ndoo. Sikujua kama ule ulikuwa utani au taarifa.

*

Furushi lilikuwa linakwenda shule. Sista akishatoka kwenda zamu, namfunga Kifungo mgongoni, tunakwenda darasa la jioni. Mimi nilikatishwa masomo nikiwa msichana, sasa nayamalizia taratibu, na mwalimu wetu, mzee mpole mwenye kikohozi cha chaki za ubaoni, alikuwa anamruhusu Kifungo akae nami dawatini. Jioni moja mwalimu alichora ubaoni mwembe, sijui mpapai, alikuwa hajui kuchora, akamwuliza, "Haya, mwanafunzi wetu mdogo, hiki ni nini?"

Kifungo akamwashiria ainame. Mwalimu akainama. Akamnong'oneza sikioni.

"Mbona unaninong'oneza? Kwani huu mti ni wa wizi?"

Darasa zima likacheka. Kifungo hakucheka. Alinitazama mimi, kidole mdomoni, kuhakikisha hajakosea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimtikisia kichwa kuwa hajakosea.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa dada yangu mkubwa. Kwa dada ndiko kwenye kelele zenyewe. Ana watoto wanne na chumba kimoja, wanalala kama njiti za kiberiti. Nilitaka Kifungo acheze na wenzake. Wakacheza vizuri, yeye akiwa bubu wao. Kisha jirani akapiga hodi, anaomba chumvi.

Jirani alipoondoka, Kifungo hakuwepo.

Tulimtafuta uvunguni. Tukamtafuta chooni, tukamtafuta barabarani, dada kaenda upande huu na mimi upande ule, naita jina lake na najua kwamba hataitika, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha asiitike. Nilisimama katikati ya njia, watu wananipita, nikaelewa kitu ambacho sikukipenda. Nikarudi ndani mbio. Nikagonga meza ya dada mara mbili.

Kifuniko cha sanduku la nguo kikainuka. Alikuwa humo, jasho linamchuruzika, nywele zimelowa, kidole bado kiko mdomoni. Alitabasamu. Alikuwa ameshinda mchezo.

Dada hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimtoa, akampepea kwa ubao wa kukatia mboga, akampa maji, kisha akaniita nje.

"Unalea mtoto au unaficha magendo?"

"Dada, ni kwa muda tu."

"Muda gani? Huyu kifuniko kingemgomea humo ndani, angeita? Hangeita. Mwisho wa mwezi nakwenda kwa mama. Nakwenda naye."

"Dada..."

"Kule atapiga kelele mpaka mbuzi wakimbie. Wewe utakuja kumtazama sikukuu kwa sikukuu. Unadhani nakuchukia? Ningekuwa na nafasi hapa ningemlaza kichwani kwangu. Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Hapakuwa na nafasi hata ya kubishana.

Nikaanza tena kutafuta chumba, na safari hii niliapa kusema kweli. Nikasema kweli kwenye kila mlango. Milango ikanijibu kama zamani.

*

Halafu Sista akaja na kitambaa.

"Nastaafu mwisho wa mwezi," aliniambia mlangoni. "Wodini wananiandalia hafla ya kuniaga. Nataka gauni ambalo daktari mkuu akiliona asahau hotuba." Kisha akapiga mwayo, akaongeza, kama mtu anayeongezea chumvi, "Baada ya hapo nitakuwa hapa hapa nyumbani. Usiku na mchana. Utanichoka, fundi."

Nilicheka kwa meno tu. Usiku na mchana. Jioni zetu, furushi letu, saa chache ambazo mwanangu alikuwa anatembea kwa miguu yake nje ya ua ule, zote zingekwisha pamoja na zamu zake. Mwisho wa mwezi ulikuwa unanijia kutoka pande mbili, kama mlango wa mbawa mbili unaojifunga, na mimi na Kifungo tuko katikati.

Siku ya kulijaribisha gauni, Sista aligonga mapema kuliko tulivyopatana. Kifungo alikuwa anakula. Alikiacha kijiko hewani, akaingia shimoni. Nikakificha kikombe chake nyuma ya majora ya vitambaa, nikafungua.

"Nimekosa usingizi," Sista alisema. "Nikasema nije nione kama nimenenepa."

Alilivaa gauni, akapanda juu ya kigoda mbele ya kioo. Lilimkaa vizuri, ingawa bado lilikuwa limeshikiliwa na pini kiunoni na mabegani. Nilipiga magoti kuchora pindo. Nilijilazimisha kuzungumza, nikamwuliza habari za hafla, nani atapika, nani atahutubia. Yeye anaeleza, anajigeuza kidogo, anajitazama, mimi nachora, nasogea, nachora. Kazi ina utulivu wake. Nikasahau. Hilo ndilo siwezi kulieleza vizuri: kwa pumzi chache tu nilisahau kwamba ninaogopa.

Chaki ikaniponyoka, ikaviringika nyuma yangu.

Nami, macho yangu yako kwenye pindo, nikanyoosha kiganja nyuma.

Chaki ikatua kiganjani.

Sista aliacha kuzungumza katikati ya neno. Niliinua macho nikamwona ndani ya kioo, na ndani ya kioo hicho hicho nikaiona meza, shuka zito, na mkono mdogo wenye gundi ya uji ukirudi ndani polepole, kama konokono anayevuta pembe.

Cherehani ilikuwa mbali, nisingeifikia.

"Fundi," Sista akasema, "panya wako wana adabu."

"Sista..."

"Nyamaza kwanza." Akashuka kwenye kigoda, pini zikimchoma, nikaona anavyokunja uso. Akapiga magoti kwa shida, mkono mmoja kwenye kiuno, akainua shuka.

Kifungo alikuwa amejikunyata, mwanasesere mapajani. Alimtazama Sista, akaweka kidole mdomoni, kumwonya na yeye anyamaze.

"Njoo, mwanangu."

Hakutoka.

"Njoo, sikuumizi."

Hakutoka. Alikuwa anautazama mguu wangu na mguu wa meza, anasubiri. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Niliwaza kijinga kabisa: nisipogonga, labda hili halijatokea. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika, na mwanangu bado alikuwa chini ya meza. Nikagonga mara mbili.

Akatoka, akajishikiza kwenye gauni langu. Hakuchungulia.

"Anasikia?" Sista aliuliza.

"Anasikia."

"Anasema?"

"Anasema, Sista."

"Sikuuliza mdomo wako. Unaitwa nani, mama?"

Kifungo alisogea, akamnong'oneza.

"Sijasikia."

Akamnong'oneza tena, chini zaidi, kwa kuwa alidhani kosa lake ni kelele.

Sista alimshika paji la uso. Akamshika shingoni kwa vidole viwili, akamfungua mdomo akatazama koo, akamsikiliza kifua kwa sikio lake, gauni la hafla limejaa mavumbi ya chaki. Alifanya hayo haraka, kama mtu aliyeitwa. Kisha akakaa chini kabisa, sakafuni, akashusha pumzi.

"Wodini kwangu," akasema, bila kumsemea yeyote, "mtoto anayelia nampita. Namwambia, nakuja, baba, nakuja. Ninayemkimbilia ni aliyenyamaza."

Nilianza kulia. "Nitahama mwisho wa mwezi. Usimkasirikie yeye. Ni mimi niliyesema sina."

"Ulisema huna." Alinitazama. "Ulimkana huyu?"

"Nilimkana."

"Kwa ajili ya dirisha?"

"Kwa ajili ya paa, Sista. Ningekwambia ninaye, ungenipa chumba?"

Alifikiri. Namshukuru kwamba alifikiri. "Nisingekupa," akasema. "Nisingekufungulia hata hilo dirisha ulione." Akaukamata mguu wa kigoda, akajiinua. "Haya, maliza pindo langu."

Nilimaliza. Aliniachia gauni, akavuka ua, akafunga mlango wake.

*

Mchana ule nilifungasha. Nilianza na vitambaa, kisha nguo za Kifungo, kisha sikujua kinachofuata ni kipi, maana cherehani haiingii kwenye mkoba na mtoto ndiye aliyekuwa anakwenda kwa bibi yake. Nilimpakata. Aliniuliza sikioni kama panya ameshindwa. Nikamwambia hapana, ni mama aliyeshindwa. Akaniambia basi tuanze upya.

Jua liliposhuka nikasikia viatu vya Sista, vile vyeupe vya kazini, vinavuka ua. Havikwenda langoni. Vilisimama mlangoni kwangu. Hodi.

Kifungo akaingia chini ya meza.

"Mwache huko huko," Sista akasema kutoka nje, kabla sijafungua. "Nakwenda kazini. Kila siku natoka ndani ya nyumba hii hakuna anayeniaga. Leo siondoki mpaka nisikie mtu ameniaga. Na nikichelewa zamu, watoto wa watu watakuwa juu yenu."

Nikafungua. Alikuwa amesimama uani na mkoba wake, anatazama saa. Mwanasheria alikuwa ndio anaingia langoni na gunia la viatu begani.

"Kuna nini hapa?"

"Nasubiri," Sista akamjibu.

"Unasubiri nini?"

"Kelele."

Mwanasheria alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaona mambo haya yamezidi elimu yake. Hakuliteremsha gunia.

Nilirudi ndani, nikagonga meza mara mbili. Kifungo akatoka. Nikachuchumaa mbele yake. "Mwambie Sista kwaheri."

"Kwaheri," akaninong'oneza mimi.

"Mwambie yeye. Kwa sauti."

Alinitazama kwa mashaka makubwa, kama mtu aliyeambiwa aguse moto na yule yule aliyemkataza. Akaenda mpaka kizingitini. Akafungua mdomo, hewa ikatoka tupu.

"Sijasikia," Sista akasema. "Nachelewa."

"Kwaheri."

"Mlango ndio umelia, au?"

Kifungo akakunja ngumi. Nikamwona akivuta pumzi mpaka mabega yakapanda masikioni.

"KWAHERI, BIBI!"

Sauti ilikuwa na kutu, ilipasuka katikati, ikavuka ua, ikagonga ukuta wa mbele na kurudi. Gunia la Mwanasheria lilianguka, viatu vikatawanyika kama kuku.

"Nilijua!" alipiga kelele. "Nilijua cherehani haikohoi! Sista, kama ni hivyo, basi paka wangu..."

"Paka hapana."

"Lakini kisheria..."

"Okota viatu vyako, Mwanasheria." Kisha Sista akanigeukia, na uso wake haukuwa laini hata kidogo. "Bibi! Mimi nina mjukuu wapi? Sikiliza, fundi. Nikiwa nimelala, acheze kule nyuma, upande wa tangi. Akinichorea ukuta, utaupaka rangi wewe. Nikishastaafu tutaona nani atamchoka nani. Na lile neno lako la siku ya kwanza, usilirudie tena mlangoni kwangu."

"Silirudii."

"Haya." Akaenda. Langoni aligeuka, akainua mkono kidogo, akatoweka.

Dada angesafiri peke yake. Nilitaka nikamwambie jioni ile ile, lakini kwanza niliketi kwenye kiti cha cherehani kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Kifungo alibaki kizingitini. Aliuaga ua. Akaliaga tangi, akaviaga viatu vya Mwanasheria kimoja kimoja, kwaheri, kwaheri, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na Mwanasheria anamwitikia kwa kila kiatu.

Nikagundua mguu wangu uko juu ya kanyagio la cherehani, umeshaanza kubonyeza. Nikauondoa.